Goti la Golikipa

Nilichokiona kwanza ni jinsi alivyopanda baiskeli. Theoneste alikuwa na namna yake: anaisukuma hatua tatu, anarusha mguu juu ya tandiko, na mguu ukitua upande wa pili baiskeli tayari inakimbia. Jumatatu ile hakurusha. Aliisogeza baiskeli mpaka kwenye kichuguu kilicho kando ya shamba letu, akapanda juu ya kichuguu, akaiinamisha baiskeli hadi ikakaribia kulala, kisha akaupitisha mguu taratibu kama mzee anayeingia kitandani. Mimi nilikuwa nachuma kahawa safu ya pili kutoka barabarani. Hakuniona. Watu wengi hawanioni, na sijawahi kulalamika.

Jana yake, Jumapili, timu yetu ya Ihanda ilikuwa imecheza na Nyakasimbi, na Theoneste ndiye golikipa wetu. Mvua ilinyesha asubuhi, uwanja ukawa tope. Dakika za mwisho Nyakasimbi walipata penalti. Mpigaji akaupeleka mpira chini kabisa, kushoto, na Theoneste akauzuia kwa ncha ya kiatu, mguu mmoja huku, mwingine kule, amepasua msamba. Tulishinda moja bila. Watu waliruka, wakakumbatiana, wakaimba. Yeye hakuinuka.

Waliomfikia kwanza walikuwa akina mama, maana ndio waliokuwa na ndoo za maji. Alikuwepo mama yake, Nyirabageni, alikuwepo shangazi yangu Adelgunda, na wengine wawili wa kwaya.

"Wapi, mwanangu? Panauma wapi?"

Theoneste aliwatazama wale akina mama wanne waliomwinamia. Akameza mate.

"Goti," akasema.

Hivyo ndivyo goti lilivyoanza kuugua.

Lazima nieleze kwa nini jambo hili halikuwa dogo kwake. Mama yake alitoka Rwanda miaka mingi iliyopita, lakini Theoneste amezaliwa Ihanda, amebatizwa Ihanda, na lugha ya kwetu, Runyambo, anaisema vizuri kuliko mimi. Hata hivyo, siku za kazi, akiwa analima kibarua kwenye migomba ya watu, aliitwa "yule Mnyarwanda wa Nyirabageni." Jumapili akisimama kati ya zile nguzo mbili za mkaratusi aliitwa "Theo wetu." Nilimsikia mzee mmoja akimwita majina yote mawili siku moja, la kwanza asubuhi, la pili jioni. Na golikipa akikaa nje wiki chache watu hutafuta mwingine. Theoneste alilijua hilo. Alitaka ugonjwa wenye heshima, unaopona upesi, na goti lilimfaa.

Bahati mbaya alikuwa amelitaja mbele ya shangazi.

Shangazi Adelgunda, ninayeishi kwake tangu nilipoacha shule darasa la tano, hukanda watu. Huletewa walioteguka kutoka kwetu mpaka Rugera. Mikono yake ni mipana, na akishika kidole chako hukumbuki tena kwamba kilikuwa kinauma, kwa sababu sasa unaumwa mkono mzima. Jumatatu jioni akamwita Theoneste, akamlaza kwenye mkeka ukumbini.

"Koku! Leta majani ya mgomba, uyapashe moto. Na ile samli iliyo nyuma ya mtungi. Haya, kijana wangu, goti lipi?"

"La kushoto, shangazi."

Akalikanda. Mimi nilikuwa mlangoni na majani ya moto, nikisubiri makelele. Hayakuja. Theoneste alitazama dari, akapiga miayo, kisha akafumba macho.

"Mwone anavyosinzia," shangazi akasema kwa kujivuna. "Mkono umeshaufikia ugonjwa."

Lakini alipoambiwa ainuke aligeuka ubavu kwanza, mapaja ameyabana pamoja kama msichana aliyekwenda kanisani na sketi fupi, akajivuta kwa viwiko mpaka ukutani. Hapo ndipo uso ulipomkunjamana. Goti lenyewe alilikunja bila shida yoyote.

Jumanne akarudi.

"Haya, lete goti," shangazi akasema.

Akanyoosha la kulia.

"Jana ilikuwa kushoto."

Theoneste alilitazama goti la kulia, akalitazama la kushoto. "Ni yote mawili, shangazi. Yanapokezana."

Nilikimbilia jikoni na kanga mdomoni ili nisisikike nikicheka. Shangazi hakucheka. Aliyakanda yote mawili, akatoa na hukumu.

"Goti ni bawaba. Lisipofanya kazi linashika kutu. Ijumaa utanikanyagia ndizi, na ukitoka mle utakuwa mzima."

"Sawa, shangazi," akasema Theoneste, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Mimi nikaacha kucheka.

Ndizi za rubisi, pombe yetu ya ndizi, kwetu hukanyagwa kwa miguu. Kuna gogo lililochongwa ndani likawa kama mtumbwi, ndizi mbivu humwagwa humo pamoja na nyasi, na mwanamume huingia akakanyaga mpaka maji yatoke. Si kama kutwanga. Nyasi zinateleza, kwa hiyo mkanyagaji hutanua miguu na kusukuma, huku na kule, huku na kule, saa nzima au zaidi. Nimekwisha kuona vijana wazima wakitoka mle wakitembea kama bata. Theoneste angetoka vipi? Na asingeweza kukataa, maana akikataa angeulizwa sababu, na sababu ilikuwa mahali ambapo yeye hawezi kupataja mbele ya shangazi, wala mimi mbele ya mtu yeyote.

Jumatano nikaaga kwamba nakwenda kusaga. Nilipitisha ndoo ya mahindi mashineni, nikaiacha kwenye foleni, nikaenda zahanati.

Daktari pale anaitwa Rogasian. Ni mtu mrefu anayeandika huku anaongea. Nilikaa kwenye benchi na akina mama wenye watoto mpaka zamu yangu ikafika.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba. Unaumwa nini?"

"Siumwi mimi. Ni mbuzi."

Kalamu haikusimama. "Bwana mifugo yuko ofisi ya kata."

"Naomba nikueleze tu. Aliteleza. Miguu ikaenda huku na huku."

"Ya mbele au ya nyuma?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. "Ya nyuma."

"Anachechemea?"

"Akitembea polepole hachechemei. Akivuka mfereji ndiyo anaumia. Na akipanda baiskeli."

Kalamu ikasimama. Daktari Rogasian akaniangalia, kisha akaangalia dirisha, kisha akaniangalia tena.

"Huyu mbuzi anacheza namba ngapi?"

"Moja," nikasema, kabla sijajizuia.

Hakucheka. Nadhani alijitahidi sana, maana alikohoa mara mbili na kuinuka kwenda kufunga mlango. Aliporudi alijishika mwenyewe juu ya paja, kwa ndani, pale suruali inapokutana.

"Hapa?"

Niliangalia sakafu. Nikatikisa kichwa kukubali.

"Panaitwa kinena. Hakuna aliyewahi kufa kwa kupataja. Kuna misuli inayouvuta mguu uje ndani. Akitanuka ghafla inavutika, na nyuzi chache zinachanika. Wachezaji wengi wanaupata. Sasa nisikilize vizuri, kwa ajili ya mbuzi."

Akanieleza. Siku za mwanzo hakuna kukandwa wala majani ya moto. Kitambaa cha maji baridi na kupumzika. Asikimbie, asitanue miguu, asifanye kazi ya kusukuma kwa mapaja. Maumivu makali yakishapungua alale chali, akunje magoti, aweke mpira laini katikati na kuubana kwa magoti mpaka hesabu ya kumi, pole pole, asifike penye maumivu makali. Baadaye asimame na kutembea kiupande. Kisha mbio za moja kwa moja. Kurukia pembeni na kupiga mpira viwe vya mwisho kabisa. Akikohoa na pale pakatokeza uvimbe, au akishindwa kutembea, aletwe mara moja. Kisha akanitajia ni wiki ngapi.

"Nikuandikie?"

"Nitashika kichwani, daktari."

"Mwambie msuli ukiharakishwa unarudi mwanzo. Na mwambie benchi langu haling'ati. Angeweza kuja mwenyewe."

Alhamisi nilimkuta Theoneste kwenye mfereji, akitafuta mahali pembamba pa kuvuka. Nilikuwa nimepanga maneno tangu asubuhi. Yote yakanitoroka.

"Daktari amesema usikandwe," nikasema.

"Daktari gani?"

"Rogasian. Nilimwuliza habari za mbuzi."

"Mbuzi gani?"

"Aliyeteleza." Nilikuwa nazungumza na ndoo yangu. "Miguu ikaenda huku na huku."

Nilifikiri amekasirika. Nilipoinua macho nilimwona ameinama, ameshika kinena chake kwa mikono miwili, mabega yanatikisika.

"Usinichekeshe, Kokuhirwa, panauma," akasema. "Mbuzi! Na daktari akakubali?"

"Aliuliza anacheza namba ngapi."

Akalazimika kukaa chini kwenye majani.

Aliponyamaza nilimweleza yote, kuanzia kitambaa cha maji baridi mpaka mpira wa kubana. Pale pa kutaja mahali nilisema "pale." Alielewa. Mwishoni akauliza jambo alilokuwa anataka kuuliza tangu mwanzo.

"Wiki ngapi?"

"Tano," nikasema.

Uso wake ukashuka. "Tano? Koku, wiki tano watamsahau hata Papa."

"Ukiharakisha unarudi mwanzo. Ndivyo alivyosema."

"Na kesho? Ndizi za shangazi yako?"

Nilichukua ndoo yangu nikaondoka.

Ijumaa asubuhi shangazi alifukua shimo la kuivishia ndizi. Zilikuwa zimeiva sawasawa, njano, na nyuki wamekwisha kuzisikia. Ndizi zikifika hapo haziahirishwi. Tulikuwa tumekwisha kuzimenya na kuzimwaga kwenye mtumbwi pamoja na nyasi. Jumapili jumuiya ilikuwa inakuja kusali kwetu, na watu hawaji kusali kwa Adelgunda bila kujua kilichomo mtungini. Wanaume wa jirani walikuwa wamekwenda msibani Nyakasimbi. Alikuwepo Theoneste peke yake. Alinawa miguu. Akakunja suruali ya kushoto, akakunja ya kulia. Akaushika ukingo wa mtumbwi na kuutazama kama mtu anayetazama mto uliofurika.

"Ingia, baba," shangazi akasema. "Goti linakusubiri."

Akainua mguu. Niliona midomo yake ikikaza.

Sikumbuki nilivua ndala saa ngapi. Nakumbuka maji ya baridi nikijimwagia miguuni, kisha ndizi zikapanda katikati ya vidole vyangu, laini na za uvuguvugu, na nilikuwa ndani.

"Mawe, mama yangu!" shangazi akapiga kelele. "Koku! Toka humo! Mwanamke haingii humo, rubisi itagoma!"

Nilikunja kanga mpaka magotini nikaanza kukanyaga. Nilitazama miguu yangu tu. Kwetu hakuna mwanamke niliyewahi kumwona akifanya hivyo, na kama kungekuwa na mtu mwingine uani nadhani ningezirai. Nyasi ziliteleza kweli. Nilitanua miguu, nikasukuma, huku na kule, na mapaja yakaanza kuniwaka kwa ndani, na nikajua kwamba daktari Rogasian anajua kazi yake.

"Amepatwa na nini mtoto huyu?" shangazi akamwuliza Theoneste. "Na wewe! Umesimama unamtazama msichana akifanya kazi yako!"

"Goti, shangazi."

"Goti nililoliponya juzi!"

"La pili, shangazi. Leo ni zamu yake."

Shangazi alizunguka mtumbwi mara mbili akiguna. Alitazama ndizi zilizokwisha kuvunjika, akatazama njia kama kuna mwanamume anakuja, akatazama mbinguni. Hatimaye akachukua nyasi nyingine akazitupa miguuni pangu.

"Basi kanyaga kisawasawa," akasema. "Ukishaiharibu, uiharibu vizuri. Na wote wawili mfunge midomo."

Jumapili, baada ya rozari, ibriki ya kwanza ilitolewa mbele ya katekista Gaudiosus. Ni mtu wa miaka arobaini na sita, miwani yake imefungwa kwa uzi nyuma ya kichwa, na kwenye rubisi neno lake ni la mwisho. Shangazi alisimama nyuma ya pazia. Mimi nilikuwa nyuma ya shangazi. Gaudiosus alionja, akafumba macho, akaonja tena, akaacha kikombe kitupu.

"Nani alikanyaga hii?"

Shangazi, ambaye alikuwa ametoka kusali rozari nzima, akajibu kutoka nyuma ya pazia: "Theo."

"Miguu ya golikipa!" watu wakasema, na wakampiga Theoneste mgongoni. Alikubali pongezi zote kwa adabu. Alipopita jikoni kuomba maji alisema kwa sauti ya chini, "Wanasema nimekanyaga vizuri sana. Miguu inakuuma?"

"Sana," nikasema.

"Pole. Na ulie polepole, mimi ndiye ninayeumwa."

Baada ya hapo zikaja zile wiki.

Shangazi aliendelea kukanda magoti, na Theoneste alimwachia, maana yalikuwa hayana kosa na hayakudhurika. Mwezi mzima magoti yale yalipata samli kuliko sisi tuliokuwa tunakula pale. Shangazi akishanawa mikono na kwenda kufungia mbuzi, wa kweli hawa, Theoneste alihamia nyuma ya jiko, kwenye mkeka wa kuanikia kahawa. Nilikuwa nimemsukia mpira wa maganda makavu ya mgomba, laini, unaobonyea. Alilala chali, akakunja magoti, akaubana. Mimi nilikaa upande wa pili wa ukuta wa jiko na kuhesabu kwa sauti, kwa sababu kumtazama mwanamume aliyelala akibana mpira kwa magoti nisingeweza.

"Moja. Mbili. Tatu."

"Unahesabu polepole sana."

"Daktari alisema kumi, hakusema kumi za haraka. Nne."

"Gaudiosus atakuwa amemaliza ibada."

"Tano. Panauma?"

"Kidogo."

"Basi legeza. Tunaanza upya."

"Wewe ungefaa kuwa askari magereza."

Hivyo ndivyo nilivyozoea kuongea. Ukuta ulinisaidia. Katika wiki ya kwanza nilisema namba tu. Wiki ya pili nilimsimulia habari za mama yangu. Wiki ya tatu alinisimulia jinsi alivyoanza kudaka, kwamba utotoni wenzake walikuwa hawampi mpira aupige, wakamweka golini kwa sababu hakuna aliyetaka kusimama pale. "Wakanisahau huko," akasema, "na mimi nikapapenda." Alikuwa anatembea kiupande sasa, kutoka mbuni hadi mbuni, kama kaa, na kuku wetu walikuwa wanamfuata.

Golini kwa muda ule alisimama Gaudiosus. Hakukuwa na mwingine aliyekuwa huru Jumapili mchana na mwenye glavu, na glavu zenyewe zilikuwa za kurinia asali. Mechi ya kwanza tulishinda, kwa sababu mpira ulimpiga usoni mara tatu. Ya pili tulitoka sare. Akifungwa alivua miwani, akaipangusa, akaivaa na kuuangalia wavu kama mtu aliyepotelewa na kondoo.

Mwisho wa wiki ya nne tulikuwa na mechi na Rugera. Siku mbili kabla, nahodha Benjamin alikuja hadi kwetu akamkuta Theoneste anafunga kamba za viatu.

"Theo, nikuambie ukweli. Watu wanasema umekwisha. Kuna kijana wa Nyakasimbi, Jovin, yuko tayari kuhamia kwetu. Ukicheza na Rugera, sitamhitaji. Usipocheza, sijui nitawajibu nini."

Benjamin alipoondoka Theoneste alikuja nyuma ya jiko bila kuitwa. Akalala, akabana. Nilihesabu hadi kumi. Akabana tena kwa nguvu zote, mpira wa migomba ukalia.

"Panauma?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Jana nilikimbia mpaka kanisani na kurudi. Leo asubuhi nimeruka kushoto mara kumi na kulia mara kumi. Koku, niambie. Daktari alisema tano kweli?"

Nilikuwa nimekaa na mgongo wangu ukutani. Ukuta ule ni wa matofali mabichi, na jioni huwa bado una joto la mchana.

"Tano," nikasema.

Alivuta pumzi ndefu. "Basi tano," akasema. "Umenitunza mpaka hapa, sitakuharibia."

Hakucheza na Rugera. Nilikuwepo uwanjani, nimesimama nyuma ya akina mama. Walitufunga manne. La tatu lilipita katikati ya miguu ya Gaudiosus wakati amefumba macho, na watu wa Rugera wakamwuliza kama alikuwa anaomba. Theoneste alikaa kando ya mstari, mikono juu ya magoti yake yenye samli. Nilimsikia yule mzee, yule mwenye majina mawili, akisema, "Yule Mnyarwanda naye, anaogopa mpira sasa." Theoneste alimsikia pia. Hakugeuka. Mimi niliondoka kabla ya filimbi ya mwisho, nikarudi nyumbani nikachambua maharage yaliyokuwa yamekwisha kuchambuliwa.

Jumatatu Jovin aliletwa kujaribiwa. Alikuwa mzuri, sitasema uongo. Lakini Jumapili iliyofuata ilikuwa mechi ya kirafiki na timu ya Nkwenda, kutoka Kyerwa, na Benjamin akaamua kwamba Jovin atadaka kipindi cha kwanza, Theoneste cha pili, na watu wataamua kwa macho yao.

Kipindi cha kwanza Jovin alifungwa moja, si kwa kosa lake. Kipindi cha pili Theoneste aliingia. Nililitazama goli lile mpaka macho yakaniuma. Mpira wa kwanza wa hatari ulikwenda kushoto, chini, karibu kama ile penalti. Mguu wake ukaenda. Nilijisikia mwenyewe nikisema "pole pole," kwa sauti, na mama wa kwaya akageuka kuniangalia. Aliuzuia. Aliinuka, akaruka mara mbili mahali alipo kujipima, akainua kidole gumba, sijui kwa nani. Baada ya hapo alizuia mingine mitano, na sisi tukapata mawili. Yule mzee aliingia uwanjani na fimbo yake akiimba "Theo wetu."

Jovin ni mchezaji wa akiba sasa. Gaudiosus amerudisha glavu kwa mwenye nyuki.

Sifa zote zilikwenda kwa shangazi. Jioni ile walikuja watu watatu kumwonyesha magoti yao, na shangazi aliwapokea mmoja mmoja, akawaambia kwamba goti ni bawaba.

Jumatano Theoneste alikuja kwetu. Nilikuwa nyuma ya jiko nachambua kahawa, natoa mbovu. Shangazi hakuwa amemwita, wala hakukuwa na ndizi za kukanyaga. Alisimama kidogo, akakaa mwisho wa mkeka, upande uleule wa ukuta niliokuwa nimekaa mimi. Akachukua kiganja cha kahawa akaanza kuchambua na yeye, akitupa nzuri pamoja na mbovu.

"Hizo ni nzima," nikamwambia.

"Samahani." Akaziokota. "Nimekuja kukushukuru. Nimefikiri sana kuhusu Rugera. Nilitaka kuingia siku ile, nilikuwa naumwa na hasira. Kama si wewe kushikilia wiki tano ningechanika tena, na leo Jovin angekuwa golini. Ile wiki ya mwisho ndiyo iliyoniokoa. Nitakwenda kumshukuru daktari Rogasian pia, nimwambie alipiga hesabu vizuri."

"Usiende," nikasema.

"Kwa nini? Benchi lake haling'ati, ulisema mwenyewe."

Niliendelea kuchambua. Vidole vyangu vilikuwa vimekwisha kuacha kutofautisha kahawa mbovu na nzima. Hakukuwa na ukuta kati yetu, na alikuwa ananitazama, akisubiri, kichwa amekiinamisha upande kama anavyofanya kabla ya penalti kupigwa.

"Daktari alisema wiki nne, Theo. Ya tano niliiongeza mimi, ili uendelee kuja."